Moyo wa Alhamisi

Kwako, Bwana Makundi, mwenye bucha pale Kiboriloni,
uliyeniuliza mwaka wa kwanza, kisu kikiwa hewani:
"Dada, kila Alhamisi moyo, kila Alhamisi moyo,
na maini huyataki. Huko kwenu mnakulaje?"

Nilicheka, nikalipa, nikaondoka.
Huu ni mwaka wa tisa. Nina deni la jibu.

Hatuli. Nauvua moyo koti lake.
Ule utando mweupe unaoubandua na kumrushia mbwa,
laini kama ngozi ya maziwa yaliyochemka,
mimi nauosha, nautia dawa usioze,
nauvuta polepole kwenye chuma
mpaka uniambie wenyewe utakatikia wapi.
Kisha nakata vipande vitatu, kila kimoja kama ukucha,
nashona mlango mdogo wa kupitisha damu
usioiruhusu irudi.

Nashona kwa mkono. Mama, aliyeshona sare za shule Mbuyuni,
aliniangalia siku moja, akavua miwani:
"Miaka yote ile ya vyuo, Ndeshi,
umezunguka dunia ukarudi kwenye sindano?"

Baba naye alinifundisha bila kujua.
Zamu yetu ya mfongo, kule Kibosho, ilikuwa saa tisa usiku.
Mimi kurunzi, yeye jembe.
Maji, alisema, hayapendi kona ya ghafla;
ukiyapindisha vibaya yanazunguka hapo hapo,
yanatua tope, na tope likishazoea
halihami.
Miaka baadaye, nchi ya theluji, mwalimu aliandika ubaoni
hesabu ya damu inapopita penye mshipa uliobanwa,
darasa zima likainama kunakili,
na mimi nikanusa migomba iliyolowa.

Chumba changu kiko nyuma ya stoo
ya vitanda vibovu vya hospitali.
Mashine niliiunda kwa mota ya cherehani ya mama:
inafungua, inafunga, inafungua, inafunga,
mchana, usiku, Krismasi,
na umeme ukikatika betri ya lori inapokea.
Natafuta milioni mia mbili.
Usishtuke. Ni kama miaka mitano tu ya moyo wa mtu.

Vali ya kumi na saba ilifika milioni sitini na moja.
Siku ya arobaini na saba ikachanika
kwenye tundu la sindano, tundu nililolitoboa mimi.
Nilikwenda uani, nikachuma jani la isale,
nikaliweka juu ya kifuniko cha mashine.
Kijana wangu wa maabara akauliza: msamaha kwa nani?
Kwa ng'ombe, nikamjibu.

Nilidanganya.

Kulikuwa na binti wa Rombo, Aikande, miaka kumi na mmoja.
Koo lilimuuma wiki mbili, likapoa, watu wakashukuru.
Halikupoa. Lilishuka moyoni, likakaza milango.
Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni,
akihesabu vigae vya dari kwa sauti.
Aliniuliza: "Hiyo ya kwako itakuwa tayari lini?"
Mtoto haulizwi maswali ya fedha za utafiti wala vibali,
nikamtajia mwaka.
Mwaka ule umepita.

Basi, Bwana Makundi, hilo ndilo jibu.
Sikuomba unisikitikie, wala bei usinipunguzie.
Ila kisu kikifika juu, pale mishipa inapoota,
kipunguze mwendo.
Na yule mwanao wa mwisho anayekaa kwenye mizani
akikohoa na kushika shingo,
tangawizi mpe, sawa, lakini mlete apimwe koo
siku hiyo hiyo, usingoje Jumatatu.

Vali ya kumi na nane asubuhi hii ilikuwa milioni tisa.
Sisemi kitu.
Kesho Alhamisi niwekee miwili.