Kikokotoo

Redio ilituonya wiki nzima: fungeni maduka,
wakulima wa Korea wanaingia Hong Kong, watu wa fujo.
Jirani yangu Sau-ying akapigilia mbao mlango wake.
Mimi sikuwa na mbao. Nilikuwa na soksi,
katoni arobaini za soksi, na kodi ya Disemba.

Wakapita Wan Chai kwa ngoma.
Hatua tatu, magoti chini, paji la uso kwenye lami,
hatua tatu tena,
kama watu waliodondosha pete katika mtaa wetu.
Wengine wakajitosa baharini na maboya ya rangi ya chungwa,
wakaogelea kuelekea ukumbi
ambamo mchele wao ulikuwa unapangiwa bei
na watu wasiojua kupepeta.

Saa kumi na moja kengele ya mlango ikalia.
Mwanamke wa rika langu, anachuruzika bandari nzima.
Akajigusa kifua: Bok-rye.
Akachagua jozi moja ya sufi, akatoa noti iliyolowa.
Nikakataa. Akakataa kukataa kwangu.
Lugha hatukuwa nayo.
Nikamsogezea kikokotoo.

Akaandika namba, akachora gunia hewani. Akafuta.
Akaandika nyingine, ndogo: gunia lile lile, mwaka huu.
Nikaandika kodi yangu ya zamani. Nikafuta. Ya sasa.
Akapiga mluzi.
Akaandika 3, akapima vimo vya watoto kwa kiganja;
kisha 0, akaelekeza kidole kaskazini, shambani.
Mimi nikaandika 1
na kumwonyesha dirishani:
yule, wa nne, nyuma ya ngao,
Chi-kit wangu, konstebo, hajala tangu alfajiri.

Hakuandika kitu.
Alizitazama zile ngao mpaka dimbwi la miguuni pake
likafika kwenye katoni.
Kisha akachukua jozi ya pili, ya kiume,
akailaza mezani, akahesabu sarafu,
akanyoosha kidole dirishani.

Usiku moshi wa machozi ukapenya chini ya mlango.
Walibebwa mmoja mmoja mpaka kukakucha.
Kitufe cha sifuri kimeganda kwa chumvi hadi leo;
siwezi tena kuandika bei ya mviringo.

Chi-kit alirudi, akavua buti, akazivaa.
Nani kalipa? akauliza.
Nikamwambia: mchele.
Akacheka, akidhani nimechoka.