Kifuniko

Dola kumi na mbili, alisema Mushengezi, fundi saa wa Kadutu,
na mkanda wa ngozi akanipa bure.
Filamu ndiyo ghali: picha thelathini na sita,
basi jicho langu limejifunza ubahili.

Dirishani kila kitu kina pacha.
Mbeba makala ana migongo miwili,
ngazi za mtaa zimepanda mara mbili;
nazungusha pete taratibu, kama anayekoroga uji wa mgonjwa,
mpaka pacha aingie ndani ya mwenzake.
Ndipo: ka!
Kama njugu inayovunjwa.

Jumapili, Nyawera, mvua imekatika,
dada yangu Nabintu alicheka, pengo nje.
Nikamlinganisha vizuri. Nikapiga mara tatu.

Usiku nikakikuta kifuniko bado kiko kwenye lenzi.
Dirisha liko pembeni,
halijui lenzi inapofumba.

Sikulia. Niliandika daftarini:
ya 19, ya 20, ya 21. Nabintu. Pengo. Tope kiatuni.
Msafisha picha atasema hapa hamna kitu.
Nitamwambia azitoe hizo pia,
nyeusi hivyo hivyo,
kwenye karatasi kubwa.