Mtu wa Darajani

Usiku wa arobaini na tatu tangu Ashuza aje,
yule mtu bado yuko darajani.
Sanduku mkononi, theluji mabegani,
mdomo wazi kama aliyetaka kusema jambo
akakumbuka kuna mtoto.

Sauti tumeizima.
Kadutu kuta zetu ni mbao,
jirani akigeuka kitandani sisi tunajua ni ubavu upi.
Basi Mugisho ndiye anawasemea wale watu, kwa kunong'ona:
"Nipe sanduku."
"Sikupi."
"Haya, nipe hata chumvi."
Nacheka kwa pua, ziwa linatikisika,
mtoto analiachia, ananikazia macho
kama afisa wa forodha pale Ruzizi
aliyeona kitenge kimefungwa vibaya.

Mvua siku ya tatu. Nepi hazikauki.
Nimezianika juu ya runinga, ile ya mgongo mkubwa,
mgongo wake unatoa joto kidogo.
Moja imeshuka mbele ya kioo,
kwa hiyo mtu wa darajani hana kichwa,
ana koti, ana sanduku, ana nepi.

Mchana Mugisho anajaza flashi za watu
kwenye kibanda chake nyuma ya soko.
Kila filamu anaionja dakika tatu,
aone picha haigandi, halafu anampa mteja.
Anajua mianzo mia nane.
Hajui nani aliolewa, nani alizikwa.
Zamani nilimcheka.
Sasa na mimi ninajua vipande:
mlango unafungwa, mtoto analia,
narudi, farasi wamekufa wote,
na hakuna wa kunieleza kwa nini.

M'Birindwa, mama mkwe, amesema runinga inakausha maziwa.
Alisema hivyo amesimama.
Kisha akaketi, uji wa mtama mapajani,
akakitazama kioo mpaka uji ukashika ngozi.
Asubuhi, akinikanda mgongo kwa maji ya moto, akauliza,
kama mtu asiyeuliza:
"Na yule wa baridi, alishavuka?"

Ndani ya sanduku mna nini?
Wiki ya kwanza nilisema dola.
Mugisho alisema bunduki, huwa ni bunduki.
Wiki ya nne nilisema usingizi,
umekunjwa vizuri, umepigwa pasi,
saa nane nzima bila mkunjo.
Hakucheka. Alinipokea mtoto.

Umeme unakatika.
Mji unazimika kilima baada ya kilima.
Ng'ambo, Kamembe, taa zinawaka bila kupepesa,
kama nyumba ya watu waliomaliza filamu yao wakalala.
Chini kule ziwa, hapa kifuani ziwa,
na yote mawili yako macho.
Mugisho anaendelea na hadithi gizani:
yule mtu ameanza kutembea, anasema,
daraja linalia, upande wa pili kuna mwanamke
ameshika... ameshika...
Amelala. Katikati ya neno.

Ashuza anangoja.
Ninahisi masikio yake madogo yakingoja.
Ameshika bidoni, namwambia. Bidoni ya njano.
Maji yametoka usiku, yeye ndiye wa kwanza kwenye bomba,
na yule mtu anaweka sanduku chini
amsaidie kujitwika.
Ni hivyo tu. Hakuna aliyepigwa risasi.

Saa kumi alfajiri umeme unarudi bila hodi.
Runinga inawaka yenyewe,
deki imesahau tulipofika, inaanza mwanzo.
Dukani. Sikuwahi kuiona hii,
labda nilikuwa nabadilisha nepi.
Yule mtu, mkavu, kijana kuliko nilivyodhani,
ananunua sanduku.
Muuzaji analifungua, analigeuza mwangani
ili auone ukubwa wake.

Nataka kumwamsha Mugisho.
Ashuza amefumbua macho, kioo kizima kimo humo,
kidogo, cha samawati.
Nepi ninaigusa. Bado.