Robo

Karani wa gesti alituandikia risiti kwa haraka:
Kundi la Muziki wa Robo, magodoro kumi na moja,
kukodi mchana, siku saba.
Hiza akataka kuirudisha ikaandikwe upya, Roho.
Mwanatumu akamshika mkono: wino umeshakauka,
na magodoro yanatakiwa yawe yamerudi saa kumi na moja,
kabla basi la Lushoto halijashusha wageni.

Basi tukarekodi mchana, Ngamiani nzima ikiwa macho,
chumba cha uani, Barabara ya Kumi na Sita,
magodoro yamesimama ukutani kama mahabusu wanaohesabiwa,
kila moja na ramani ya jasho la mtu tusiyemjua.
Tuliimba tumezungukwa na usingizi wa wengine.
Na joto! Shekue alipiga ngoma kifua wazi,
tone likamtoka kidevuni likaanguka juu ya toazi, tss,
na kwenye wimbo wa pili lipo mpaka leo
pamoja na kengele ya baiskeli ya muuza mkate,
ambaye tulimfukuza mara nne
na mara ya tano tukagundua alikuwa ndani ya mapigo.

"Muziki wa nini huo?" aliuliza fundi wa kuchomelea, mlango wa pili,
miwani myeusi imepanda kipajini.
"Wa roho."
"Roho ya nani?"
Tukampa elfu tano azime mashine mpaka adhuhuri.
Akazima. Akavuta ndoo, akaikalia kizingitini, akasikiliza.
Zile elfu tano alizirudisha kesho yake,
hakusema kwa nini.

Mimi roho nazijua kwa majina ya mtaani.
Roho juu: Luku inasoma sifuri nukta nane
na Mwanatumu yuko katikati ya ubeti ule
ambao koo lake huukubali mara moja tu kwa siku.
Roho mkononi: Hiza juu ya bati, anavuta waya kwa jirani.
Roho ya paka: gitaa la besi la Mbaruku,
limeanguka kutoka kwenye bodaboda, limelowa masika mbili,
limefungwa utepe shingoni, na bado linanguruma.
Ipo na ile inayokatwa. Hiyo hatukuitaja,
maana Kupaza, aliyetunga nyimbo nne kati ya tisa,
alikuwa Bombo tangu usiku, leba,
na simu yake haipatikani.

Tulimwachia maiki yake ikiwa imesimama.
Mstari wake tukaupita kimya, sote tunahesabu kwa vidole,
nne, nane, kumi na mbili,
kama watu wanaopita mbele ya chumba cha mgonjwa.

Kazi yangu nyingine ni mizani. Napima sukari dukani,
Barabara ya Kumi na Mbili, na naijua robo vizuri:
ni chai ya watu wanane ikiwa hakuna mlafi,
ni kiasi anachonunua mtu anayetaka kurudi kesho.
Pesa tulikuwa na robo. Siku tulikuwa na robo.
Wimbo wa tisa tulikuwa nao robo, mwanzo wake tu,
Kupaza ndiye alijua unakoelekea.

Saa kumi na nusu simu ya Hiza ikalia katikati ya kurekodi.
Hakuna aliyekasirika.
Mama yake Kupaza, anapiga kelele kama yuko ng'ambo ya mto:
wa kike, mzima, na mama mzima,
kilo tatu na robo.

Shekue akacheka mpaka akaangusha fimbo.
Mwanatumu akatoa risiti kwenye sidiria, akaikunjua,
akaibandika ukutani kwa utepe wa besi:
jina la albamu hilo, atakayepinga atoke.

Kisha tukatwika magodoro vichwani,
tukashika njia ya gesti, tumechelewa.
Nyuma yetu fundi akawasha mashine.
Wimbo wa tisa unaishia hapohapo ulipoishia.
Usidhani kifaa chako kimeharibika.