Kaya Iliyochafuka

Kwenye faili kijiji hiki hakina jina.
Ni "Cha Pili." Ng'ambo ya bonde kuna "Cha Kwanza,"
ambako mitamba walishushwa kwenye lori miaka mitatu iliyopita,
wakitetemeka kwa baridi ya Makete, masikio yana namba.
Huku hakikushushwa kitu. Huku nilishuka mimi
na kishikwambi ndani ya mfuko wa nailoni.

Kura ilipigwa na kompyuta. Haikuwa chuki.
Nimeisema sentensi hiyo kwenye kaya mia na nane.

Bi Enesi Kyando ni kaya ya sitini na moja.
Mwaka wa kwanza alifagia uwanja kabla sijapiga hodi,
akaazima kwa mjumbe kiti chenye mgongo.
Mwaka wa pili aliwaita shemeji zake waje washuhudie
kwamba hasemi uongo.
Mwaka huu hakunyanyuka. Alikuwa akichambua mbegu za viazi,
zilizochipua huku, zilizooza kule,
na ukungu umekaa juu ya bati kama mgeni asiyejua kuaga.

"Uliza," akasema. "Najua yanavyofuatana."

Na kweli. Sijamaliza la paa, kashanijibu la choo.
Katika siku saba zilizopita,
mtoto wa chini ya miaka mitano amekunywa maziwa siku ngapi?
Mwaka wa kwanza: sifuri. Wa pili: sifuri.
Kidole changu kilishatangulia kwenye sifuri.

"Saba."
"Saba?"
"Si umesema siku saba? Ungesema kumi, ningesema kumi."

Akanipeleka nyuma ya jiko.
Ndani ya banda la mianzi ng'ombe aligeuza kichwa,
na sikioni, kwenye plastiki ya njano: 417.
Namba ya ng'ambo. Namba ya mzee Obedi Tweve,
ambaye Jumanne iliyopita aliniambia, macho makavu,
"Ng'ombe ninaye, mzima, anakula vizuri."
Hakudanganya. Sikumuuliza anakula wapi.

"Miguu imemwisha," Bi Enesi akasema.
"Wanawe wako Makambako, kwenye mbao.
Majani ya alfajiri nani amkatie?
Akanisubiri nje ya kanisa, akanieleza.
Nikashuka bondeni na kamba, nikapanda naye usiku, mvua inatupiga.
Maziwa ya asubuhi yangu. Ya jioni mjukuu anampelekea.
Ndama wa kwanza wake, wa pili wangu.
Hatukuandikiana. Mwenye kuandika ni wewe."

Nikapanda juu ya mwamba kutafuta mtandao.
Msimamizi yuko Iringa, sauti inakatika, inarudi:
"Hiyo kaya imechafuka. Unanisikia? Imechafuka. Itoe.
Na ya huyo mzee. Zinatuharibia tofauti."

Imechafuka.
Chini yangu moshi ulikuwa ukitambaa juu ya viazi,
na mtoto alikimbia uwanjani na masharubu meupe.
Ile tofauti tuliyopanda milima yote hii kuja kuipima
ilishafungwa kamba ya katani shingoni,
ikavushwa mto gizani,
na mwanamke ambaye hakuna aliyempa semina.

Mimi nalipwa kwa dodoso safi. Chafu halina posho,
na kodi ya chumba Mwangata haijui habari za mito.
Nilisema nitaitoa. Sijaitoa.
Betri ilikuwa asilimia nne; hicho ndicho nitakachomwambia.

Niliporudi, kikombe cha bati kilikuwa kinanisubiri juu ya kiti,
kile kile chenye mgongo. Hakukirudisha kwa mjumbe miaka yote hii.
Nikanywa. Ulimi ukaungua, sikujali.

Swali la mwisho hujibiwa na mhojaji, mwenye nyumba asione:
Je, umepokea chochote kutoka kwa kaya hii?

Nikabonyeza Hapana,
povu bado liko mdomoni.