Mkao wa Mbeleko

Jibsi, kasema daktari.
Hogo, kasema mamangu kwenye simu kutoka Maabila.
Na Muzna, miaka miwili kasoro mwezi,
kagonga tumbo lake jipya, ko, ko,
akauliza: Nani ndani?

Umo wewe, mwanangu.
Kuanzia chini ya kifua hadi vifundo vya miguu,
mapaja yametanuliwa kama milango ya duka asubuhi,
na kijiti kati ya magoti
ambacho muuguzi Lissy ametukanya mara mbili:
si mpini hicho, msimnyanyue kwacho.

Kila saa mbili tunamgeuza, watu wawili, bismillahi,
kifudifudi, ubavu, chali.
Nepi ndogo ndani, nepi kubwa juu,
kingo zimezungushiwa utepe
mkojo usipate njia. Unapata.
Napuliza kikausha nywele, upepo wa baridi,
nanusa ukingo kama ninavyonusa maziwa ya jana.
Vidole vya miguu nabonyeza kimoja kimoja:
cheupe, kisha chekundu. Cheupe, kisha chekundu.
Kumi. Alhamdulillahi.
Baada ya sala naanza tena.

Nje Maskati ina nyuzi arubaini na sita.
Ndani tumejifunika mablanketi.
Kiti cha gari hakimtoshi tena;
Hilali kaja na futi ya fundi, kapima mlango wa gari,
mlango wa bafu, mlango wa nyumba ya Bahla.
"Atapita kwa ubavu," kasema, "kama kochi."
Nikacheka mpaka nikalia.

Mamake hakucheka.
Bi Wadha yuko kwenye kiti cha plastiki tangu Jumapili,
chupa ya kahawa miguuni, haijafunguliwa.
Yeye ndiye aliyemfunga mtoto siku arubaini,
miguu sambamba, kitambaa kimekazwa,
kama alivyofungwa yeye, na mamake, na mama wa mamake,
ili miguu inyooke.
Mimi nilitaka kumbeba kwa mbeleko.
Kanga ya mamangu nilikuwa nayo,
nikaiacha kabatini kwa kuogopa maneno.

Daktari alituchorea nyonga kwenye karatasi ya kupangusia mikono:
tufe, na kikombe kisicho na kina.
"Huenda kazaliwa nayo. Huenda kufungwa kumezidisha.
Mimi sijui, na nyinyi hamjui."
Kisha akaandika: wiki sita, picha, wiki sita nyingine.

Lakini lawama haisomi karatasi.
Usiku wa tatu huu nalala nayo kwenye kochi la kukunjua,
naielekeza kwake, naielekeza kwangu,
naielekeza kwake.

Saa tisa za usiku Muzna kaamka anakuna jibsi kwa nje,
analia kilio cha muwasho usiofikika.
Nilipofumbua macho
Bi Wadha alishasimama, na magoti yake yale mabovu,
mkono mmoja chini ya makalio, mmoja mgongoni,
kama Lissy alivyomfundisha kwa ishara.
Akampandisha ubavuni.

Akaenea.
Mapaja yaliyotanuliwa kwa kisu na jibsi
yakakumbatia kiuno cha bibi kana kwamba yalipimiwa hapo.
Hogo zima likakaa.
Mkao ule ule. Wa kanga. Wa mgongo wa mamangu.
Nilitaka kumwambia, Kiarabu chote kikanikimbia.

Akatembea naye hadi mashine ya maji na kurudi,
mara kumi na moja, nilihesabu,
akimnong'oneza habari za mbuzi fulani wa Bahla
aliyekula cheti cha ndoa.

Alfajiri chupa ilikuwa wazi.
Alinimiminia kikombe bila kunitazama.
"Mzito," akasema,
kwa Kiswahili ambacho sijui alikiokota wapi.

"Mzito," nikaitika,
nikanyoosha mikono, zamu yangu.