Dole Gumba la Shaame

Sanduku lipo uvunguni mwa kitanda cha mama,
Limbani, Wete, nyumba ya tatu ukitoka kisimani.
Ndani: randa mbili, patasi tano, tupa,
keekee, msumeno wa meno madogo.
Shaame aliviacha akenda Maskati
kwa miezi sita.
Huu mwaka wa saba.

"Mize," alinambia mlangoni, "nitunzie."
Hakusema vipi.

Mwaka wa kwanza nikavipaka mafuta ya nazi,
yale mazuri, niliyoyakuna na kuyapika mwenyewe,
niliyokuwa nikijipaka nyweleni.
Nikavizongomeza kipande cha kanga
nikajiona hodari.
Masika yakaingia. Kwetu masika hayabishi hodi:
yanapanda ukutani, yanalala nawe shukani,
chumvi kikopeni inageuka uji.
Nilipofungua, mafuta yameganda, yanavunda,
sisimizi wamefanya arusi,
na chini ya utelezi ule, kutu,
imekaa kitako kama mwenye nyumba.

Nikamwendea Bikombo, mtengeneza vyerehani wa sokoni.
Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini.
"Hukuvitunza, mwanangu, umevikaanga!
Chuma si kichwa cha mtu.
Na kanga ni pamba, pamba hunywa maji."
Akanipa kikopo cha grisi, nusu, bila ya bei,
akanambia: sugua kwa majivu na ndimu,
suuza, anika batini saa ya jua la utosi,
kikiwa moto bado, paka, nyembamba, kila pembe.
Karatasi ipake nta ndiyo ufungie.
Makaa yaliyokaushwa, mfuko mmoja, yanywe unyevu.
Sanduku lipande juu ya matofali, lisiguse sakafu.
"Na usishike kwa mkono mtupu.
Jasho lako ni bahari."

Basi nikasugua. Siku tatu, vidole vinawaka kwa ndimu.
Patasi zikarudi kucheka. Msumeno ukang'ara.
Hata nikafika kwenye kisu cha randa kubwa.

Hapo, kando ya makali,
kutu imechora dole gumba.
Mistari yake yote, imezunguka
kama kitanga kinachoanza kusukwa.
Si langu. Langu dogo.
Ni la asubuhi ile ya safari:
alikinoa mara ya mwisho, mbio mbio, jasho linamtoka,
gari linapiga honi nje.
Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema;
hiki kilikuwa kidoleni mwake.

Msasa mkononi, nimekaa.
Kuku wakapita. Adhana ya alasiri ikapita.
Nikauweka msasa.

Tangu hapo, kila mvua zikimalizika
navifungua vyote, nafuta, napaka upya,
na pale penye dole naibandika grisi taratibu
kama dawa ya jicho:
isikue, isifutike.

Mwaka juzi alikuja mtu wa Chake na noti mkononi,
akaigeuza randa, akaguna. "Ina doa hii."
"Ndiyo," nikasema, "ina doa."
Nikaifunga karatasini mbele ya macho yake.

Jana Shaame kapiga simu.
Kauliza mama, kauliza mikarafuu,
halafu, kwa sauti ya chini:
"Na vyuma vyangu? Vimeota kutu?"
"Kidogo," nikamwambia. "Pahala pamoja tu."
"Isugue, Mize, isije ikaenea."

Nikamwambia sikusikii, kaka,
mtandao mbaya huku.